Kushiba Si Kulishwa

Ndugu msomaji, ukimwuliza mtu wa kwetu, "Umekula?" atakujibu, "Nimeshiba." Maneno hayo mawili tunayafanya kuwa jambo moja. Lakini sisi tunaofanya kazi katika chumba cha watoto wagonjwa tunaona kwamba si jambo moja. Mtoto analetwa akiwa na miguu iliyovimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabanduka, wala hataki kucheza. Mama yake anasema, "Huyu anakula bugali kila siku." Mama huyo hasemi uongo. Tumbo la mtoto limejazwa, lakini mwili wake haukulishwa.

Maoni yangu ni haya: kila nyumba inapaswa kujua kipimo cha chakula chake cha siku, kama inavyojua kipimo cha mbegu za shamba lake. Kipimo hicho si kazi ya munganga peke yake, wala si jambo la watu wa mjini tu. Mama anayeweza kuhesabu fungu la mihogo sokoni anaweza kuhesabu pia sahani ya watoto wake. Tena baba anayejua kugawa mashamba anaweza kujua kugawa nyama.

KAZI TATU ZA CHAKULA

Fikiri nyumba yako. Inahitaji matofali ya kuijenga na kuitengeneza. Inahitaji kuni za kuwasha moto. Inahitaji pia akiba ya kuni zilizokauka vizuri, zile zinazowaka sana na kwa muda mrefu. Mwili wako nao ni hivyo.

Wanga ni kuni za kila siku. Tunaupata katika mihogo, mahindi, mchele, viazi, ndizi, mtama na sukari. Gramu moja ya wanga huupa mwili kalori 4. Kalori ni kipimo cha nguvu, kama vile kilo ni kipimo cha uzito.

Mafuta ni kuni zenye moto mkali. Tunayapata katika mawese, karanga, parachichi na nyama iliyonona. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, maana yake zaidi ya mara mbili ya wanga.

Protini ni matofali. Tunaipata katika maharagi, soya, karanga, samaki, mayai, maziwa, nyama, viwavi na kumbikumbi. Gramu moja hutoa kalori 4 kama wanga, lakini kazi yake kubwa si kuwaka. Kazi yake ni kujenga nyama ya mwili, damu, na askari wanaopigana na magonjwa ndani yetu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu akikosa kuni kabisa, atavunja milango ya nyumba yake ili apate moto. Mwili usipopata wanga na mafuta ya kutosha, huchoma protini. Kwa hiyo yule anayekula kipande cha samaki peke yake huku ana njaa hajengi sana. Anachoma matofali yake. Na yule anayekula bugali tele bila maharagi wala samaki ana moto mkubwa katika nyumba inayobomoka. Kila kimoja kinamhitaji mwenzake. Ndiyo maana tunasema kipimo, hatusemi kwamba chakula kimoja ni dawa ya yote.

Hata wenye elimu kubwa walipita njia hii polepole. Munganga Cicely Williams alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa kuvimba kwa watoto katika mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 alitumia jina la wenyeji, kwashiorkor. Kwa lugha ya Waga ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wengi walisema shida ya ulimwengu wa maskini ni protini tu. Mwaka wa 1974 munganga Donald McLaren aliwapinga kwa maneno makali. Alionyesha kwamba watoto wengi wanakosa chakula chote, si protini peke yake. Basi, wenye elimu walijifunza kutazama sahani nzima. Na sisi tuitazame nzima.

HESABU YA SIKU MOJA

Mtu mzima mwenye afya anahitaji protini gramu 0.83 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hicho ndicho kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na wenzake mwaka wa 2007. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wanahitaji zaidi.

Tuhesabu sasa chakula cha mkulima mmoja anayekula kama wengi wetu tunavyokula. Kwa siku nzima anakula bugali wa mihogo, unga mkavu gramu 600. Anakula sombe, majani mabichi gramu 150, na vijiko viwili vikubwa vya mawese. Nguvu anayopata ni kama kalori 2,300. Si mbaya. Lakini protini je? Unga wa mihogo una protini gramu 1 au 2 tu katika gramu 100. Unga wote ule umempa gramu 9 hivi, na sombe imempa kama gramu 10. Jumla ni chini ya gramu 20. Ameshiba mara mbili kwa siku, naye hakufika hata nusu ya kipimo chake.

Sasa tubadilishe sahani, bila kwenda duka la matajiri. Unga wa mihogo gramu 150 tuuchanganye na unga wa mahindi gramu 200. Tuweke maharagi makavu gramu 150, ndiyo kikombe kimoja hivi kabla ya kupika. Tuongeze karanga gramu 40, ndizo kiganja kimoja. Tuongeze ndagala wakavu gramu 20, na sombe ileile, na vijiko vilevile viwili vya mawese. Nguvu inabaki kama kalori 2,300. Lakini protini imepanda kufika gramu 80 hivi. Ukigawa nguvu yote katika mafungu 100, wanga unatoa kama 64, mafuta kama 22, na protini kama 14.

Hayo ni mafungu mazuri kwa mtu mzima anayefanya kazi. Wataalamu hawatoi namba moja kwa watu wote. Wanaruhusu wanga kutoa kama nusu ya nguvu au zaidi, mafuta yasipite mafungu 30 katika 100 wala yasishuke chini ya 15, na protini iwe kati ya 10 na 15 au kupita kidogo. Ndani ya mipaka hiyo kila mtu hutafuta kipimo chake, kwa kazi yake, umri wake na afya yake. Anayelima tangu asubuhi anaweza kuongeza bugali. Anayekaa kitini siku nzima apunguze. Mwenye ugonjwa wa sukari apunguze rundo la bugali, aongeze maharagi na mboga, aache soda, kwa sababu chupa moja ya mililita 330 inaweza kuwa na sukari gramu 35. Wala asiache dawa zake. Mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee protini kabla ya kumwuliza munganga.

Mboga za majani na matunda sikuziweka katika mafungu yale matatu, kwa kuwa hazitoi nguvu nyingi. Lakini ni walinzi wa mlango. Lengalenga, matembele, sombe, papai na maembe yasikose. Mtu mzima ale gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Na mawese mekundu yana mali ya kulinda macho. Usiyachome mpaka yawe meupe, maana mali hiyo hupotea.

MIHOGO BILA MWENZAKE

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea mihogo peke yake, nayo ni ya kutisha. Katika nchi yetu, huko Kwango, munganga Trolli aliandika mwaka wa 1938 habari za ugonjwa unaoitwa konzo. Mtu analala mzima, au anakwenda shambani mzima, na ghafula miguu yake miwili inakuwa migumu, hawezi kutembea kama zamani. Jina lenyewe kwa lugha ya Wayaka linataka kusema miguu iliyofungwa. Unawapata hasa watoto na akina mama. Hauponi.

Mihogo michungu ina sumu. Ikilowekwa majini siku tatu au zaidi na kukaushwa vizuri, sumu nyingi hutoka. Watu wakiwa na njaa, au wakiwa na haraka ya kuuza, hupunguza siku za kuloweka, na sumu inabaki. Lakini tazama: mwili una njia yake wa kuiondoa sumu iliyobaki kidogo, na kwa kazi hiyo hutumia protini, hasa ile yenye kiberiti, inayopatikana kwa wingi katika samaki, mayai na nyama. Anayekula mihogo isiyolowekwa vizuri, tena bila protini, amefungua mlango kwa mwizi na kumfukuza mbwa.

Kwa hiyo usipunguze siku za kuloweka. Na unga ukiwa na mashaka, uchanganye na maji, uutandaze kwa unene mdogo juu ya mkeka, ukae juani saa mbili au kivulini saa tano, ndipo upike bugali siku hiyohiyo. Njia hii imefundishwa katika vijiji vya Popokabaka, na imesaidia.

MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Maziwa ya mama ni chakula chenye mafuta mengi: karibu nusu ya nguvu yake inatoka katika mafuta. Sasa mtoto akiachishwa, anapewa nini? Mara nyingi uji mwepesi wa mihogo, maji mengi na unga kidogo. Ametolewa katika chakula chenye nguvu sana akatiwa katika chakula kisicho na mafuta hata kidogo. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Hawezi kula sahani ya baba yake ili apate kipimo chake. Kwa hiyo chakula chake kiwe kidogo kwa wingi lakini kizito kwa mali.

Mama, mnyonyeshe mtoto mpaka afike miaka miwili au zaidi. Akitimiza miezi sita, anza kumpa uji mzito. Unga wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, ni mzuri sana; soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana soya mbichi humzuia mtoto kupata faida ya protini. Tia kijiko kidogo cha mawese au karanga zilizosagwa laini. Ponda maharagi, toa maganda. Saga ndagala wakavu wawe unga, nyunyiza katika uji. Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12 anahitaji kama kalori 1,000 na protini gramu 12 hivi. Yai moja linampa gramu 6. Unaona kwamba si mlima mrefu.

Lakini neno la kuonya: mtoto akiisha kuvimba, usijaribu kumponya nyumbani kwa nyama na mayai mengi. Mwili wake ni dhaifu, ini na moyo havina nguvu, na chakula kizito cha ghafula kinaweza kumwua. Hospitali huanza na maziwa mepesi yenye protini kidogo, kidogo kidogo, mchana na usiku, ndipo baadaye humpa chakula cha kujenga. Usimpeleke kwanza kwa mtu wa kuchanja. Mlete upesi.

MANENO YA WANAOPINGA

Wengine wanasema, "Wazee wetu walikula bugali wa mihogo wakaishi wakawa na nguvu." Nawaheshimu wazee. Lakini tukumbuke mambo mawili. Mihogo si chakula cha kale sana katika Afrika. Ilitoka Amerika, ikaletwa na Wareno tangu karne ya 16. Tena wazee hawakula mihogo mitupu. Walikuwa na nyama ya porini, samaki wa mito, viwavi, senene, mbegu za maboga na ufuta. Sisi tumeshika bugali wao tukaacha kitoweo chao, halafu tunasema tunafuata desturi.

Wengine wanasema, "Kipimo ni kwa wenye mali. Sisi ni maskini." Neno hili silichukui kwa wepesi. Kuna vita, kuna watu waliokimbia mashamba yao, na mwenye njaa hawezi kupewa hesabu badala ya chakula. Huyo asaidiwe kwanza. Lakini wako wengi wenye shamba na kuku ambao watoto wao wanavimba. Wanavuna maharagi, wanauza yote, wananunua unga wa mihogo na soda. Kuku wanataga, mayai yanapelekwa sokoni. Sisemi usiuze, karo ya shule inatoka wapi? Nasema, kabla ya kuuza, weka fungu la nyumba. Katika gunia la maharagi, toa kwanza vikombe vya watoto mpaka mavuno mengine, kama unavyotoa mbegu. Kinachobaki ndicho cha soko.

Na yule wa kando ya Ziwa Kivu asiseme hana samaki. Sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, nao wakaongezeka. Ni samaki mdogo, lakini wachache waliokaushwa wanajaza sahani ya mtoto kwa protini.

Wengine tena wanasema, "Mwanamke asile yai, mtoto asile kuku, ni mwiko." Hapa nasema bila kuficha: mwiko unaomnyima chakula mwenye mimba na mtoto anayekua ni mwiko wa kuvunjwa. Utazame vizuri uone ni nani anayebaki na kile kilichokatazwa. Mara nyingi ni mwanamume mzima, ambaye mwili wake umekwisha kujengwa zamani.

NANI APEWE KWANZA

Hapa ndipo penye neno zito la barua hii. Chakula kinaweza kutosha nyumbani na mtoto akavimba, kwa sababu ya namna ya kugawa. Baba anakula kwanza, nyama na samaki zikiwa mbele yake. Wageni wanafuata. Vijana wakubwa wanatia mikono katika sahani moja kubwa, na mdogo wa miaka miwili, mwenye mkono mfupi na meno machache, anapata bugali uliochovywa katika mchuzi. Mama anakula yaliyobaki, naye ananyonyesha.

Hata katika karamu zetu za kanisa nimeona hivyo. Wakubwa wanakaa mezani na kuku, watoto wanangoja nje na kupewa mchele mtupu. Tunashukuru kwa chakula kabla ya kula, na hiyo ni desturi njema. Lakini shukrani isiyomfikia mdogo kabisa imesimama nusu ya njia.

Najua baba anayefanya kazi ngumu atauliza, "Nami je, nisipewe nguvu?" Upewe. Nguvu yako ya kulima inatoka katika wanga na mafuta, na hivyo vipo. Bugali wako uongezwe, mawese yako yaongezwe, maharagi yako usikose. Lakini kipande cha samaki kikiwa kimoja, kinajenga zaidi katika mwili wa mtoto wa miaka miwili kuliko katika wako. Heshima ya baba haipungui kwa kutoa kipande hicho. Inazidi.

FANYA HIVI KUANZIA WIKI HII

Kwanza, mpe mtoto mdogo sahani yake mwenyewe, uone kwa macho yako anakula kiasi gani.

Pili, kila bugali uwe na mwenzake. Usipike bugali na mboga tu bila maharagi, karanga, soya, samaki au yai. Kukiwa na kidogo, anza na mtoto na mama.

Tatu, changanya unga. Mihogo iwe nusu au chini ya nusu, mahindi au mtama ujaze pengo.

Nne, tia kijiko cha mafuta katika uji wa mtoto. Mtu mzima mwenye tumbo kubwa na kazi ndogo asiongeze.

Tano, panda mistari michache ya soya na karanga kando ya mihogo yako. Mazao hayo yanasaidia udongo pia.

Sita, mlete mtoto kupimwa uzito kila mwezi, hata akiwa mzima. Mizani huona hatari kabla ya macho ya mama kuiona.

Ndugu zangu, ukitaka kujua kama nyumba yako inakula vizuri, usiitazame sufuria. Mtazame yule mdogo kuliko wote. Akicheza, akiongezeka uzito kila mwezi, na nywele zake zikiwa nyeusi na ngumu, kipimo chako ni chema. Asipokuwa hivyo, badilisha sahani leo, usingoje avimbe.